Nilivyodhaniwa shushushu Kampala: miwani myeusi, shati la maua na daftari la kondoo

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na vijana nawasalimu popote mlipo.

Huu ni uzi wangu wa kwanza humu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu, nakaa kwenye kona yangu nacheka na visa vyenu. Jana mjukuu wangu kaniambia, "Babu, si ulikuwa mmisionari Uganda wewe? Waandikie na wao wacheke." Basi nimevaa miwani (ya kusomea, siyo ile mtakayoisikia mbele), nimekaa barazani na simu, naandika kwa kidole kimoja.

Nawaahidi kweli tupu. Chumvi siongezi. Imani yangu hairuhusu, na daktari wa presha naye kakataza.

Twende taratibu.

Mimi ni Mtaita, ila siku hizi naishi Taveta, hapa mpakani, nalima ndizi. Ninayosimulia ni ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha Biblia bado wino wa cheti haujakauka.

Kanisa letu, dogo tu, sitalitaja, lilikuwa na ushirika wake Nateete, upande wa magharibi wa Kampala. Mwinjilisti aliyekuwepo alizeeka akarudi kwao. Akatafutwa mtu wa kwenda.

Wenzangu wote ghafla wakaugua. Huyu mgongo, yule mama yake hali mbaya, mwingine akaoteshwa ndoto kwamba wito wake uko Malindi.

Si siri. Uganda ilikuwa chini ya jeshi, na habari zilizokuwa zinakuja na treni hazikuwa za kumpa mtu hamu.

Mimi nikanyoosha mkono. Mkidhani ni ujasiri mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa sijawahi kusafiri safari ndefu ya treni, basi. Ndiyo ukweli wenyewe.

Sasa sikilizeni maandalizi, maana balaa lote lilianzia hapo.

Shangazi yangu, fundi cherehani, alinishonea shati la kuniaga. Maua makubwa mekundu na ya njano, kola imelala mpaka begani. Mjomba alikuwa baharia Mombasa, akaniletea miwani myeusi kutoka huko alikokwenda. Mimi mwenyewe nikajinunulia bugaluu, ile suruali pana chini, na raizoni. (Vijana: raizoni ni viatu vya soli nene kama tofali. Ukivaa unaongezeka urefu na unapungua akili.)

Chuo nacho kikanipa daftari.

Jalada jeusi, gumu, kubwa. Tulikuwa tunaliita daftari la kondoo. Tulifundishwa hivi: ukifika kituo kipya, pita nyumba kwa nyumba. Andika jina la mwenye nyumba, kazi yake, wanaolala humo ni wangapi, nani hayupo, na yuko wapi. Mkuu wa chuo alikuwa anasema mchungaji asiyejua kondoo wake kwa majina ni mpita njia tu.

Nadhani wajanja mmeshaona ninakokwenda. Mimi wakati huo sikuona kitu.

Nikafika Kampala asubuhi, nimevaa vyote hivyo, daftari kwapani.

Jamani, ule mji! Vilima na migomba, hewa haina joto kama la pwani, na wanawake wa Kiganda na gomesi zao, lile gauni la mabega yaliyosimama na mkanda mpana kiunoni. Nilipenda kwa macho kabla hata sijakanyaga chini vizuri.

Na adabu yao, wakuu! Adabu!

Nilipanda teksi kwenda Nateete. Nikamuuliza dereva nauli kwa Kiswahili changu safi cha chuoni. Akasema hakuna haja, bwana mkubwa. Nikasisitiza, akakataa katakata, karibu alie.

Sokoni mama mmoja wa ndizi aliniongezea chane nzima, hata sikuomba.

Wakati ule sukari na sabuni vilikuwa adimu, tangu maduka ya Wahindi yabadilishe wenyewe. Watu walikuwa wanapanga foleni toka alfajiri. Mimi nilijiunga mwisho wa foleni, nikamuuliza wa mbele yangu, "Samahani ndugu, hii ni foleni ya sukari?" Akanitazama shati, akanitazama miwani, akasogea pembeni. Na wa mbele yake akasogea. Foleni nzima ikafunguka kama bahari kwa Musa, nami nikapita katikati nikisema asante, asante, Mungu awabariki.

Siku hiyo niliandika barua kwa mchungaji wangu nyumbani. Naikumbuka neno kwa neno kwa aibu: "Watu wa huku wana heshima ya ajabu kwa watumishi wa Mungu. Neno litashika haraka."

Niliandika hivyo, wakuu. Kwa mkono wangu.

Nilipangiwa chumba uani kwa familia moja ya ushirika. Mama wa nyumba alikuwa akiitwa Nnalongo, na mumewe Ssalongo. Si majina yao ya kuzaliwa. Kwa Waganda ukizaa mapacha unapewa cheo hicho, mama Nnalongo, baba Ssalongo, na ni heshima kubwa kuliko hata shahada. Mapacha wao walikuwa wasichana wa miaka minne, Babirye na Nakato, wasumbufu wa kutosha.

Nnalongo alikuwa anauza matooke soko la Nateete, zile ndizi zao za kupika, na huko huko sokoni alikuwa ameokota Kiswahili cha kubahatisha. Ssalongo alikuwa karani wa reli. Alikuwa anajua Kiswahili vizuri, ndiye angekuwa mkalimani wangu, na ndiye alikuwa mpiga ngoma wa ushirika. Alikuwa anapiga ile ngoma mpaka unasahau kama una deni la dhambi.

Jumapili ya kwanza nyumba ya ibada ilijaa. Nilihubiri kwa Kiswahili, Ssalongo akitafsiri. Kila nilichosema walijibu amina. Nikisema jambo la kufurahisha, amina. Nikikohoa, amina.

Mwishoni nikainua daftari juu, nikatangaza, "Kuanzia kesho nitapita nyumba kwa nyumba kuwaandika nyote!"

Ssalongo alilitazama daftari, akatazama mlango, ndipo akatafsiri. Nilidhani anatafuta neno.

Kesho yake nikaanza na nyumba niliyokaa, maana hisani huanzia nyumbani. Nnalongo alikuwa amekaa mkekani, anamenya ndizi. Nikafungua daftari.

"Mama, jina la baba watoto?"

Akataja.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Amekwenda kijijini, ssebo." Ssebo ni bwana.

"Kijiji gani?"

Kisu kilimponyoka mkononi. Niliinama nikamwokotea, nikampa, nikamwambia asijali, nitaandika tu "kijijini", nitajaza baadaye.

Nikaendelea na nyumba nyingine. Wakuu, sijawahi kuona mji wenye watu wanaotoka matembezini kiasi hicho. Nikibisha hodi, nasikia mlango wa nyuma. Nikizunguka uani, nakuta chungu kinachemka, hakuna mtu. Nyumba moja nilikuta maharage yanaanza kushika chini. Nikayakoroga, nikaongeza maji, nikakaa nikiwasubiri wenye nyumba mpaka yakaiva. Hawakurudi. Nikaepua, nikafunika, nikaandika kwenye daftari: "Hawapo. Maharage tayari."

Mnacheka? Chekeni. Mimi nililia.

Kwa sababu Jumapili ya pili walikuja kumi na moja. Ya tatu, wanne. Ya nne alikuja Nnalongo peke yake na mapacha, na nadhani alikuja kwa sababu ninakaa uani kwake, angesema nini? Ssalongo alikuwa hajarudi kutoka "kijijini". Ngoma ilikuwa imekaa pembeni haina mtu. Nilihubiri kwa mama mmoja na watoto wawili wanaopigana mkekani, bila mkalimani, bila amina hata moja.

Halafu ikaja barua kutoka nyumbani. Mchungaji aliandika kwa upole, lakini aliandika: kama mpaka Krismasi ushirika haujasimama, nitume orodha ya waumini waliobaki, nyumba ifungwe, nami nirudi. Akaongeza kwamba si kila mtu ana wito wa nchi za nje.

Hiyo sentensi ya mwisho ilinichoma. Niliipenda ile nchi, wakuu. Niliipenda mpaka harufu ya majani ya migomba yakipashwa moto. Na nilikuwa sielewi nimekosea wapi. Nilikaa kitandani nikajiambia labda mimi ndiye Yona, na hawa watu wamejua kabla yangu.

Aliyenifungua macho hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Alikuwa Mwislamu.

Nilikwenda Old Kampala kutafuta chimni ya taa, maana mapacha walikuwa wameivunja yangu. Kule kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka dogo, tumwite Mzee Abdalla. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani zamani hizo, akaoa huko huko, wakabaki. Nilimkuta anakunywa kahawa kwenye ngazi ya duka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee, una chimni?"

Kikombe kikasimama hewani.

"Marahaba. Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Taita, mzee. Kenya."

"Na hapa Kampala wafanya kazi gani?"

"Mwinjilisti. Nahubiri neno la Mungu."

Alinitazama kuanzia raizoni, akapanda bugaluu, akapanda maua ya shangazi, akafika kwenye miwani. Kisha akaangalia daftari kwapani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye ngazi, nikamwokotea, akanitazama tena kwa karibu, akaanza upya.

"Mwanangu," alisema akifuta machozi, "nani kakuvisha hivi? Adui yako?"

"Shangazi, mzee."

"Basi keti, nikwambie alichokufanya shangazi yako."

Akaniambia kwa sauti ya chini. Kwamba kuna watu wa usalama wa serikali hapa mjini, hawavai sare, lakini kila mtu anawajua. Shati la maua, bugaluu, soli nene, miwani myeusi. Kwamba Waganda mitaani wanasema Luganda, na Kiswahili kwao ni lugha wanayoisikia kwa askari, kizuizini, na kwa wale wanaokuja kuchukua watu.

"Sasa mtu kavaa hivyo, anasema Kiswahili, anabisha hodi na daftari, anauliza mumeo yuko wapi. Mwanangu, mwenye nyumba hangoji kuhubiriwa habari za Mungu. Aona anapelekwa kumwona mwenyewe."

Wakuu, nikaanza kuhesabu, moja baada ya jingine.

Foleni ya sukari. Dereva wa teksi aliyekataa nauli. Kisu cha Nnalongo. Kijiji gani, nimemuuliza mwanamke wa watu, kijiji gani!

"Nitawaambia leo hii kwamba mimi siyo," nikasema, nikasimama.

"Keti. Shushushu gani umewahi kumsikia akisema yeye ni shushushu? Ukikana ndiyo utathibitisha."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

Alikunywa kahawa yake yote kwanza. "Mimi si mtu wa dini yako, sikufundishi kazi. Lakini nimekaa mji huu tangu nizaliwe. Wale watu wanataka waogopwe. Chochote cha kuwashusha hawakigusi. Wewe kagombee kuchekwa. Watu wakishakucheka sana, hawakuogopi tena."

Akanipa chimni, akakataa hela. Nikamwuliza kama na yeye ananiogopa. Akaanza kucheka tena.

Niliporudi Nateete nilivua viatu mlangoni, nikavua miwani, nikavaa fulana yangu ya kulalia. Shati la maua nikalikunja. Nikatoka uani miguu mitupu, nikaenda kwa Nnalongo aliyekuwa mkekani na kisu chake na rundo la matooke. Nikakaa mkekani. Nikachukua kisu kingine. Nikaanza kumenya.

Lazima niwaeleze. Kwa Waganda wa wakati ule, mwanamume anakaa kwenye kigoda. Mkeka ni wa wanawake na watoto, na kumenya matooke ni kazi ya wanawake kabisa. Mwanamume mkekani na kisu cha ndizi ni kioja.

Nnalongo aliganda.

Mimi ndizi za kwetu nazijua, lakini matooke mabichi yana utomvu unaonata kama gundi, na ganda limeshikana na nyama. Nilikata, nikachonga, nikajikata kidole. Ya kwanza ilitoka imebaki kama penseli.

Nnalongo akaitazama ile penseli. Kisha akashindwa kuvumilia.

"Ssebo! Wewe nahalibu matooke yangu!"

"Nifundishe, mama."

"Hii umemenya, ama umepigana nayo?"

Babirye akacheka kwanza. Nakato akamfuata. Nikaangalia mikono yangu, myeusi, imenata, kidole kinatoka damu, na mimi nikacheka. Ndipo Nnalongo akaweka kisu chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Jirani akamwita mwenzake.

Nilimenya kila siku, wiki mbili. Siku ya tatu wanawake wa sokoni walikuwa wanapitia njia ile makusudi. Walikuwa wananihesabia ndizi nilizoharibu.

Siku ya nne Nnalongo aliniuliza, macho kwenye ndizi, "Ile kitabu iko wapi?"

Nilikwenda nikaleta daftari, nikaliweka kwenye mkeka mbele yake.

Alilifungua. Akapitisha kidole kwenye majina, moja moja, nyumba kwa nyumba. Akachana kurasa zile zote zilizoandikwa, akazisukuma jikoni, chini ya chungu cha matooke. Zilizobaki nyeupe alizitazama, akaliweka daftari kando. Karatasi ilikuwa adimu, na mapacha walikuwa wanapenda kuchora.

Kisha akaniambia, "Ngoja," akaenda nyuma kwenye shamba la migomba.

Akarudi na Ssalongo. Amechakaa, ndevu zimeota, ameshika viatu mkononi. Hakuwa amekwenda kijiji chochote. Tangu siku ile ya daftari alikuwa akitoka kazini anaingia migombani, analala huko, hatua mia kutoka kitandani kwake, kwa sababu yangu.

Nilitaka kumpigia magoti. Alinizuia. Alitazama mikono yangu myeusi, akamtazama mkewe, akasema, "Kweli, shushushu hawezi kumenya vibaya namna hii."

Tukala wote. Kwa hiyo, wakuu, mimi ni mtu niliyekula chakula kilichoivishwa kwa majina ya waumini wangu, na sijawahi kula kitamu kama kile.

Kuanzia hapo nikaanza kuishi.

Shati la maua alilichukua Nnalongo, akalikata, akawashonea mapacha visketi viwili. Fikirieni: kitambaa kilichofungua foleni nzima ya sukari, sasa kinakimbizana na kuku uani.

Luganda nilifundishwa na Babirye na Nakato, walimu wakali wasiosamehe. Nilijifunza kusalimia. Sisi huku tunasema hujambo tunapita. Kule salamu ni safari. Unasema gyebale, yaani pole na kazi, unajibiwa, unauliza walivyoamka, mnaitikiana mmm, eee, mmm, na hamna anayekimbilia kitu. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baadaye nikaona kumbe ndani ya zile mmm watu wanapimana kama wako salama.

Novemba zikaja nsenene, panzi wa kijani wanaokaangwa. Mtaa mzima tulikaa kuzing'oa mbawa, nami nikiwa mkekani kama kawaida yangu. Nilikula mpaka nikaogopa kuruka.

Lakini ushirika ulikuwa bado. Mtaani wananicheka, sawa, wananisalimia, sawa. Jumapili hawaji. Nilimwomba Ssalongo arudi kwenye ngoma. Akasema, "Nyumbani nimerudi. Ngoma inasikika mbali. Nikiipiga, ninawaambia wote kuwa hapa ni salama. Niache niwe na hakika kwanza."

Sikumlaumu. Nilihesabu siku za kufika Krismasi.

Jumapili moja ya Desemba niko mbele na watu sita, nahubiri kwa Luganda changu cha kitoto. Ssalongo akaingia. Hakusema kitu. Akaenda pembeni, akavuta ngoma, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Akapiga.

Jamani. Nilishindwa hata kuendelea na mahubiri. Dakika chache, akaingia mama wa ile nyumba ya maharage. Wakaingia wazee wawili ambao sikuwaona tangu Jumapili ya kwanza. Watu wanaingia na watoto, wamevaa nguo za kazi, wengine mikono ina unga. Nyumba ikajaa mpaka mlangoni.

Na ndipo Landrover ya serikali ikasimama nje.

Ngoma ikakatika.

Akashuka mwanamume mrefu mwenye sare, mistari ya sajini begani. Ndani akina mama wakavuta watoto wao karibu. Niliona macho yote yanakwenda mlango wa nyuma, kisha yanakuja kwangu. Nilijua wanawaza nini: kumbe alikuwa shushushu kweli, ametukusanya.

 Nikatembea katikati yao nikaenda mlangoni, nikamsalimia kwa Kiswahili, ile lugha niliyoifungia sandukuni miezi miwili.

"Wewe ndio pasta ya Swahili?" aliuliza.

"Ni mimi, afande."

"Mimi natoka Luzira, askari ya jela. Bibi yangu nazaa mtoto kijana. Sisi watu ya kaskazini. Bibi hapana sikia Luganda, kanisa ya kule yote Luganda. Mzee ya duka, Old Kampala, naniambia hapa iko pasta." Akavua kofia. "Nataka mtoto aombewe. Na jina yake iandikwe kwa kitabu ya kanisa."

Alisema aandikwe! Katika Kampala nzima, nimepata mtu anayetaka kuandikwa, na daftari tumelila na matooke.

Nikamwambia mimi ni mwinjilisti tu, mchungaji akija ndiye atabatiza, ila kuombea naweza. "Lakini kitabu... afande, kitabu hatuna."

"Kanisa gani hapana kitabu?" Uso ulimshuka. Alikuwa anaonekana amechoka, kijana tu, labda ananizidi miaka mitano.

"Mtoto anaitwa nani?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nnalongo alikuwa amesimama.

"Okello, mama."

"Okello ni nini kwenu?"

"Mtoto nafuata nyuma ya mapacha."

Nnalongo akasogea mbele. "Sisi tunaita Kizza. Wewe iko na mapacha?"

"Iko. Wasichana mbili." Akaonyesha kimo chao kwa mkono, chini ya kiuno, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Basi wewe ni Ssalongo," alisema Nnalongo.

Mtu mmoja akacheka, kidogo tu. Kisha mwingine. Ssalongo wetu kwenye ngoma akamtazama yule askari kwa muda mrefu. Mmm, alisema. Sajini akaitikia, mmm.

Nnalongo alitoka kwenda nyumbani. Alirudi na lile daftari jeusi, kurasa zilizobaki. Ukurasa wa kwanza mapacha walikuwa wamechora kuku mkubwa. Akalifungua mbele yangu, akanipa kalamu.

"Andika."

Nikaandika chini ya kuku: Okello. Sajini akaliangalia jina la mwanawe, akalisoma kwa midomo.

Nilipotaka kufunga, kuna mkono ulizuia jalada. Ulikuwa wa Ssalongo. Akachukua kalamu kwangu. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa karani wa reli: jina lake kamili la kuzaliwa, jina la mkewe, Babirye, Nakato. Mbele ya jina lake akaandika mahali alipo: "Nyumbani."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga. Safari hii hakuna aliyenipisha.

Krismasi nilimtumia mchungaji orodha aliyoitaka. Akajibu nibaki. Nilibaki mpaka makanisa madogo kama letu yalipopigwa marufuku, na hata siku ile niliyoondoka hakuna aliyekimbilia mlango wa nyuma. Walinisindikiza mpaka stesheni. Daftari ninalo hapa mapajani.

Kuhusu Mzee Abdalla, nilimwendea siku ya pili baada ya sajini kuja, nikiwa na hasira, "Mzee, umenitumia askari, ungeniulia ushirika!" Akanijibu, "Nimekuletea kondoo, walalamika kwa nini ana pembe?"

Funzo langu ni dogo, wakuu. Ukienda kwa watu, usifurahi haraka wakikupisha njia. Waulize kwanza wamekuona nani. Na ukishajua umewatisha, usijitetee sana. Kaa chini, chukua kisu, wakucheke.

Waliokuwa Kampala miaka ile njooni mtie neno, hasa kama uliwahi kuvaa raizoni. Na kama humu yuko mtu mzima anaitwa Okello, baba yake alikuwa sajini Luzira, na dada zake ni mapacha: ndugu yangu, jina lako ni la kwanza. Chini ya kuku.